Turudishie Kidonge cha Zamani cha Bibi

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumatano, baada ya shule.

Kwa Daktari Severa,
Kliniki ya Sukari, chumba cha mwisho kushoto,
Upanga.

Ndugu Daktari, shikamoo.

YAH: KUOMBA BI MAUZA ARUDISHIWE KIDONGE CHAKE CHA ZAMANI

Kabla sijagusa kichwa cha habari hapo juu, kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki yangu wa dawati moja, wala daftari langu ambalo linajua karibu kila kitu. Ile halua ya kwenye kopo la bati, rafu ya juu, jikoni kwetu, ambayo mwezi uliopita iliisha kabla ya siku yake, niliimaliza mimi. Sikuila kwa pupa. Nilikula kijiko kimoja kila nikitoka shule, kama mtu aliyeandikiwa na daktari, na kipande cha mwisho nilikila Jumatatu jioni nikiwa nimesimama.

Nimeliweka hilo mwanzoni ili liondoke njiani. Halihusiani na malalamiko. Tafadhali liruke, kama nitakavyoliruka mimi nikimsomea Bibi.

Naitwa Anfal, nipo kidato cha tatu, ni mjukuu wa Bi Mauza. Bi Mauza huwezi kumsahau: ni yule mgonjwa wako wa mkoba wa kijani ambaye kila akija anakuuliza kwanza kama umeshapata mume, halafu ndiyo anakubali kutobolewa kidole. Mimi inawezekana umenisahau. Ni yule msichana anayekaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Mara ya mwisho uliniuliza jina langu, nikajibu "ndiyo".

Barua hii nimeamriwa. Bibi alinikabidhi kalamu jana, akasema, "Wewe si umesomeshwa lugha mbili? Basi zifanye kazi. Mwandikie daktari. Mwandikie kwa adabu, lakini aumie." Nilijaribu kwanza kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho tunachofundishiwa sekondari, ila kwa Kiingereza Bibi alitokea mgonjwa tu kama wagonjwa wengine. Kwa Kiswahili anatokea yeye mwenyewe. Yeye anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni; hizi zetu anasema zinamtembelea machoni kama sisimizi. Kwa hiyo nikimaliza nitamsomea, na akiridhika tutakuletea wenyewe kesho Alhamisi, siku yake ya kliniki.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki tatu zilizopita ulimbadilishia dawa. Ulimwondolea kile kidonge kidogo cha zamani, ukampa hiki kikubwa, cheupe, ambacho kwenye boksi kinaitwa metformin na nyumbani kwetu kinaitwa Mgeni. Bibi hamtaki Mgeni. Ameshatangaza mbele ya nyumba nzima: "Asiponirudishia yeye, nitajirudishia mwenyewe." Na anaweza, kwa sababu vidonge vya zamani vilivyobaki, kumi na vinne, amevifunga kwenye pindo la kanga yake. Kila akisema maneno hayo hulipapasa lile pindo taratibu, kama anabembeleza mtoto alale.

Ndiyo maana tunaomba suala hili ulishughulikie mapema. Malalamiko yetu yanafuata kwa namba, kama tulivyofundishwa.

1. UKUBWA NA LADHA. Kidonge cha zamani kilikuwa kama punje ya mchele. Mgeni ni kifungo cha koti. Bibi anasema hakimezwi, kinasindikizwa. Kikishafika kinakoenda kinaacha mdomoni ladha ya mtu aliyelamba ufunguo, na kwa sababu ya ladha hiyo chakula chote cha nyumbani kwetu kimeshtakiwa. Pilau ya Ijumaa ya kwanza ilihukumiwa kuwa imepikwa kwenye kopo la rangi. Mama, ambaye ni mkwe wake na ana uvumilivu wa miaka kumi na minane, alishuka chini dukani kwa Mama Allan, jirani yetu Mchaga anayeuza vyombo, akanunua sufuria mpya. Ijumaa ya pili Bibi alionja, akatafuna. Kisha akasema, "Kopo jipya la rangi." Mama alienda chumbani kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

2. CHOO. Nyumba yetu ina choo kimoja na watu sita. Zamani tulikuwa tunapishana bila kufikiria. Sasa tumbo la Bibi halitoi taarifa, na likitoa huwa imeshachelewa, kwa hiyo kila mtu amejitengenezea njia. Baba yangu, Muhiddin, mwenye duka la mapazia, siku hizi anawahi msikitini kabla hata ya adhana, kwa kuwa pale vyoo vipo vinne. Waumini wenzake wamemsifu sana. Wiki iliyopita imamu alimtaja kama mfano kwa vijana. Baba aliinamisha kichwa, hakuona haja ya kufafanua. Daktari, kidonge chako kimempa baba yangu sifa isiyo yake mbele ya watu wa dini, na sijui tumwandikie nani kuhusu hilo.

Halafu kuna Feri. Bibi kila Jumamosi alikuwa anaenda soko la samaki la Feri kujichagulia samaki wa changu, kwa kumtazama samaki jicho na kumtukana mvuvi kidogo. Siku hizi hathubutu kuwa mbali na nyumbani. Alimtuma Baba, Baba akarudi na samaki ambaye Bibi alisema alikuwa ameshakata tamaa kabla ya kuvuliwa.

3. UPEPO. Naomba radhi, neno hili sijawahi kuliandika kwa maana hii. Mgeni analeta upepo tumboni. Lakini Bibi anaamini kwamba mwanamke wa umri na ukoo wake hana upepo. Upepo una wenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Huwa hivi. Alasiri wageni wake wa kahawa wamekaa: Mama Allan, ambaye hupanda akimwachia mtu duka, na Bi Amira wa kule Msimbazi. Inatokea sauti. Si kubwa, ila imekuwepo. Bibi bila kugeuza shingo anasema kwa huruma kabisa, "Anfal, mama, tumbo bado?" Wote wananitazama.

Ningependa ujue kwamba Bi Amira ni mama yake Muaz, na Muaz tunasoma darasa moja, na kabla ya Mgeni Muaz alikuwa hajui chochote kuhusu mimi. Sasa anajua hilo moja.

Wiki ya kwanza nilijitetea kwa macho. Wiki ya pili nikawa natoka nje ya sebule, jambo ambalo lilichukuliwa kama ushahidi. Wiki ya tatu Bi Amira alikuja na chupa ya tangawizi aliyoichemsha mwenyewe, akasema, "Mpeni mtoto anywe, jamani, tumbo hilo lisije likanguruma siku ya posa." Bibi alimshukuru. Alinimiminia mwenyewe kikombe, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza. Kesho yake shuleni, kwenye ngazi, Muaz aliniuliza, "Umepona?" Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu kidato cha kwanza. Nilimjibu, "Bado." Tarehe ninayo.

4. KUFUTWA KWA DHARURA. Hili ndilo linalomuuma Bibi kuliko yote, naomba ulisome umekaa.

Wakati wa kidonge cha zamani ulitwambia kwamba sukari ya Bibi inaweza kushuka ghafla, akatetemeka, akatoka jasho, kwa hiyo kitu kitamu kiwe karibu naye wakati wote. Nadhani ulikuwa unafikiria peremende. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyefikiria peremende. Sisi ni watu wa halua. Likatafutwa kopo la bati la biskuti, likajazwa, likapandishwa rafu ya juu, na mimi kwa kuwa ndiye mrefu nikateuliwa mtunza kopo. Ni cheo changu cha kwanza maishani na sikukiomba.

Sasa lazima nikueleze kahawa ya Bibi, kwa sababu najua hajakueleza. Kila siku baada ya swala ya alasiri dele la kahawa linaletwa, wageni wanakaa, na Bibi anameza dawa yake hapo hapo mbele yao, taratibu, kama kiongozi anayekata utepe. Hamezi wakati mwingine wowote. Anasema kidonge kisichokuwa na shahidi hakifanyi kazi. Mchana hali chochote, ili kuiachia halua nafasi. Akishameza anasubiri, anazungumza, anawasengenya watu wawili watatu, halafu anaunyanyua mkono mmoja, anautazama ukitetemeka, na kusema, "Anfal. Dharura." Mimi nashusha kopo. Yeye anakula kipande kwa ajili ya afya, na wageni wanakula kwa ajili ya kumpa moyo.

Dharura ilitokea kila siku saa kumi na moja kasorobo. Hata Jumapili.

Ukaja wewe na Mgeni, ukasema dawa hii haishushi sukari kwa namna ile, hakuna haja tena ya kopo. Kwa kalamu moja umefuta dharura, cheo changu, na sababu ya Mama Allan kupanda ngazi. Kahawa sasa inanywewa kavu kama ya msibani. Bibi bado anameza Mgeni mbele ya wageni, tumbo tupu vilevile, na anameza viwili kwa pamoja, cha asubuhi na cha usiku. Najua ulimwambia kimoja kimoja, katikati ya chakula. Yeye anasema ratiba hiyo ni ya watu wasiotembelewa. Kwamba nusu saa baadaye tumbo linavurugika, hilo Bibi analihesabu kama utovu wa nidhamu wa kidonge.

5. NGUVU. Huyu Mgeni amempa Bibi nguvu ambazo hazikuwa kwenye makubaliano.

Zamani ikifika magharibi Bibi alikuwa amelala kwenye kochi, amechoka, kanga imelowa jasho, na nyumba inapumua. Mama anatazama tamthilia yake. Mimi na simu yangu. Baba anauza mapazia anavyotaka. Siku hizi hatetemeki. Hatoki jasho. Kipimo cha kidole ambacho kilikuwa kinaruka leo tatu kesho kumi na nane kama mtoto kwenye ngazi, sasa kinakaa saba, nane, tisa, kama mtu mzima. Anashuka ghorofa tatu kwa miguu, maana lifti ya jengo letu ni stoo ya mafagio, na anapanda tena bila kupumzika njiani. Na akishuka anakagua.

Juzi alikaa dukani kwa Baba, akamwambia mteja aliyekuwa ameshafungua pochi, "Mwanangu, pazia hili litakuzeesha. Nenda pale ng'ambo, wanazo za kijani." Mteja alienda. Jana aliingia chumbani kwangu akaniuliza kwa nini simu inanifanya nitabasamu na kitabu hakinifanyi hivyo. Utaratibu wote wa nyumba yetu, Daktari, ulijengwa juu ya uchovu wa Bibi. Umeubomoa bila kutoa notisi.

6. MENGINEYO. Tangu Mgeni aingie nyumbani, umeme umekatika mara nne, bomba la jikoni limeanza kuvuja, na mimi nimepata thelathini na moja kwenye mtihani wa Fizikia. Sisemi ni kidonge. Nasema tu kwamba kabla yake nilikuwa napata thelathini na tatu.

7. SABABU YENYEWE. Bibi anataka iandikwe wazi kwamba dawa ilibadilishwa kwa jambo dogo. Maneno yake: "Mwandikie nilisinzia. Mtu mzima akisinzia mchana mnambeba na bajaji mpaka Upanga? Na huyu wa vyombo akanimwagia sukari mdomoni kama mnalisha njiwa." Nilikuwepo siku hiyo. Naandika kama nilivyoagizwa: alisinzia.

Kwa hayo yote tunaomba yafuatayo. Kwanza, kidonge cha zamani kirudishwe kwenye nafasi yake. Pili, dharura irejeshwe kila siku saa kumi na moja kasorobo, na iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kwa mwandiko wako ili Mama asiweze kuipinga. Tatu, ikiwa hayo hayawezekani, tunakuomba ufike wewe mwenyewe Kariakoo alasiri moja, ukae kwenye kiti changu karibu na Bibi, na upepo ukitokea uupokee kwa niaba yangu. Wewe ni mtu uliyesoma, wageni watakuamini.

Naomba unisalimie manesi wote, hasa yule anayetoboa kidole huku akiimba. Msalimie mlinzi wa getini anayemwita Bibi "mchumba". Bibi husema hapendi, ila siku ya kliniki hujifukiza udi. Wasalimie wote wanaokaa kwenye lile benchi refu na kadi zao. Mama anakusalimu. Baba anakusalimu, yupo msikitini. Mama Allan anasema sufuria za aina zote zipo.

Ni mimi, wa nne kwenye foleni ya choo,

Anfal,
kwa niaba ya Bi Mauza
(ataweka sahihi kwa herufi zake akishasomewa).

NYONGEZA, ambayo ipo kwenye karatasi ya peke yake:

Daktari, usimrudishie.

Karatasi hii nimepanga kuichomeka ndani ya bahasha baada ya kumsomea zile nyingine. Nyuma ya ukurasa wa mwisho, asione.

Hakusinzia. Ilikuwa Jumanne. Hakula mchana, akameza kile kidogo mbele ya wageni, akanyanyua mkono, akasema, "Anfal. Dharura," na wageni wakacheka kama kawaida. Mimi nilienda jikoni. Nilijua kopo ni tupu, nilikuwa nimekula kipande cha mwisho jana yake. Nilisimama chini ya rafu. Kilichotakiwa ni kurudi sebuleni na kusema mbele ya Bi Amira kwamba halua hakuna, na nani ameila. Maneno sita au saba. Sikuweza. Nikalishusha kopo, nikawa naligonga na kijiko polepole, ili kule sebuleni wasikie kwamba kuna mtu anahudumia.

Sukari ya chai ilikuwa mezani, Daktari. Ilikuwa karibu na mkono wangu kuliko kopo. Sikuiona kwa sababu nilikuwa nautazama uso wangu mwenyewe, utakavyokuwa wakinicheka.

Aliita tena. Safari hii hakusema Anfal, alisema Salha, jina la dada yake aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Wageni wakaacha kucheka. Mama Allan ndiye aliyeingia jikoni. Alinitazama, akalitazama kopo, akachota sukari kwa kiganja, akaikoroga kwenye kikombe cha maji kwa kidole, akatoka mbio. Hajaniuliza kitu mpaka leo. Kila alasiri ananisalimia, "Mambo, mwanangu?" na mimi nasema, "Poa, shikamoo," vyote kwa pamoja, nikitazama miguu yake.

Nilipotoka, mdomo wa Bibi ulikuwa haujui kikombe ni kitu gani.

Siku hiyo hiyo, chumbani kwako, ulimuuliza Mama kama nyumbani kulikuwa na kitu kitamu karibu. Mama akajibu, "Kipo siku zote." Halafu ukanigeukia ukaniuliza jina langu, nikasema "ndiyo". Nilikuwa najibu swali ambalo hukuniuliza.

Kwa hiyo malalamiko yote saba nayafuta. La upepo nalifuta kwa moyo mmoja. Bi Amira aendelee kuniletea tangawizi, Muaz aendelee kuniuliza, Bibi aendelee kunitaja kila siku. Akinitaja mimi kwa jina langu, najua sukari yake iko sawa.

Ninachoomba ni hiki. Mwambie wewe ameze Mgeni katikati ya chakula, kimoja asubuhi, kimoja usiku, na mchana ale. Mimi hanisikii. Wewe anakusikia kwa sababu anakuonea huruma huna mume. Kuhusu shahidi, mwambie nimekubali kuwa shahidi wake asubuhi kabla ya shule na usiku kabla ya kulala, nitakaa nimtazame ameze, hata kupiga makofi nitapiga. Na kama kuna aina ya dawa hiyo iliyo laini zaidi kwa tumbo, au njia ya kuanza kidogokidogo, mweleze. Ndani ya boksi kuna karatasi ya Kiingereza yenye maandishi madogo sana. Nimeisoma yote. Inasema tumbo mara nyingi hutulia baada ya wiki kadhaa. Sikumtafsiria, kwa kuwa aliniagiza malalamiko tu, na mimi nikaona nafuu kulalamika.

Utakuta humu kwenye bahasha kijikaratasi kilichokunjwa. Ni vile vidonge kumi na vinne. Nimevitoa kwenye pindo la kanga leo alipokuwa anaoga, na mahali pake nimefunga mchele, punje kumi na nne, kwa fundo lile lile. Akijirudishia mwenyewe, atajirudishia wali.

Nasikia ndara zake kwenye korido. Na bangili, ambazo sasa zimemlegea, anazisukuma juu kila hatua mbili. Anatembea haraka. Zamani angekuwa ameshashika ukuta mara mbili. Inawezekana anakuja kusomewa barua. Inawezekana amelipapasa pindo na limekuwa jepesi.

Nilikuwa nimeshakiweka kitabu cha Fizikia juu ya karatasi hii, ndiyo kawaida yangu mlango ukikaribiwa. Nimekiondoa. Kijikaratasi cha vidonge nacho nimekitoa kwenye bahasha, kipo mezani, wazi, pembeni ya kalamu yake.

Atakaa kitandani kwangu, atavuta kanga magotini, atasema, "Haya, nisomee, tangu juu." Na juu kabisa, kabla ya namba moja, kuna halua.